Swali la Mughenyi Juu ya Kitabu cha Picha

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, na umekaa kwenye benchi unangoja jina lako liitwe, nisogezee nafasi nikae. Sitakufundisha ugonjwa huu unatoka wapi wala unaingiaje. Hayo daktari atakueleza, na mimi mwenyewe niliyasikia nikayasahau. Nitakueleza habari za sindano, za vitabu vya katuni, na za mtu mmoja aliyeniuliza swali nikamcheka. Mimi nimepona. Naendesha baiskeli kutoka Ilongero mpaka mjini dhidi ya upepo wetu huu na sishuki njiani. Ila usiharakishe kunipa hongera.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kijijini kwetu hilo lilitosha kumfanya mtu msomi. Ilikuwa miaka ile watu wazima walipotakiwa wote wajue kusoma na kuandika, nami nikachaguliwa kuwa mwalimu wa kisomo. Wazee wenye wajukuu, watu ambao mimi ndiye niliyepaswa kuwaamkia shikamoo, waliniita Mwalimu. Ukiitwa Mwalimu na wazee kama wale ukiwa na umri ule, kichwa hakina budi kuvimba, na changu kilivimba sawasawa.

Kikohozi kilianza wakati wa kupalilia uwele. Nikasema ni vumbi la chaki. Kufikia mavuno nilikuwa nimetoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wa suruali, na asubuhi moja nikatema damu kwenye jivu la jikoni, mama akiwa anatazama. Hakupiga kelele. Alichota jivu jingine akafukia. Siku hiyo hiyo jioni nikakuta sahani yangu imewekwa peke yake, mbali na za wenzangu. Kaka yangu mkubwa alihamisha mkeka wake. Baba alitaka nipelekwe kwa mganga kwanza, mama akataka hospitali, wakabishana juu yangu mbele yangu kana kwamba sipo. Mama akashinda. Sijui alisema nini, maana mwishoni walibishana kwa Kinyaturu chetu cha chini chini, mlango umefungwa.

Benchi la hospitali ya misheni lilikuwa refu, na kila mtu alikuwa anajizuia kukohoa. Ukijizuia ndiyo kinakuja. Mmoja akianza, benchi zima linafuata, halafu tunaangalia miguu yetu kwa haya. Nilivuliwa shati, nikakumbatia bamba la baridi, nikaambiwa nisivute pumzi. Baadaye daktari akaiinua picha ya kifua changu dirishani, akanionyesha wingu jeupe upande wa kulia.

"Sindano kila asubuhi, miezi mitatu," akasema. "Halafu vidonge mwaka mzima. Usiache hata ukijiona mzima."

Nikaitikia ndiyo. Nadhani wote huitikia ndiyo.

Wodi yetu ilikuwa ya wanaume kumi na wawili, imejengwa pembeni, madirisha wazi muda wote. Kila mtu alikuwa na kopo lake lenye kifuniko chini ya kitanda. Asubuhi alikuja muuguzi wetu, Mama Eliza, na sinia la sindano za kioo zilizochemshwa. Leo upande wa kulia, kesho wa kushoto. Baada ya mwezi hakuna upande uliobaki wa kukalia. Masikio yangu yakaanza kuvuma, na nikisimama haraka ukuta ulizunguka. Lakini Mama Eliza alikuwa na huruma yake ya aina yake: kabla ya kuchoma alikuuliza jambo refu la kueleza, na ukiwa katikati ya maelezo alikuwa ameshamaliza. Mimi aliniuliza habari za vitabu vyangu.

Vitabu vyenyewe havikuwa vyangu. Muuguzi mmoja mgeni alikuwa amerudi kwao akaacha sanduku kabatini, na chini ya vitabu vya dini nikakuta vya katuni saba au nane, vya Kiingereza, vingine havina jalada. Nilikuwa sijawahi kuona kitu cha namna ile. Picha zimepangwa ndani ya vyumba vidogo, maneno yametiwa kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Nakiri nilivipenda kwa pupa. Nilianza cha kwanza asubuhi, sikusikia hata kengele ya uji.

Shujaa wake alikuwa jitu la kizungu linaloishi porini, halina shati, kifua kipana. Wodini tukamwita Bwana Kifua. Mwanzoni nilimpenda. Homa ilipokuwa inapanda jioni, niliangalia mbavu zangu, nikaangalia kifua chake, nikamchukia. Katika vitabu vyote vile hakuna mtu aliyekohoa hata mara moja. Waliokuwa wamekonda, mashavu yameingia ndani, macho yamekaa mbali, walikuwa ni maadui tu. Nikiona mwembamba ameingia kwenye picha nilijua kabla ya kugeuza ukurasa kwamba atakuwa mwizi au mchawi. Ukisoma hivyo huku unafanana naye, inauma. Nikavisoma tena, nikawa upande wa wembamba.

Nilikuwa nawasomea wenzangu barazani baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limeegemea ukuta. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nilipoelewa nilitafsiri, nisipoelewa nilitunga. Hakuna aliyeweza kunikamata. Walikuwa wazee wa shamba na wachungaji, na mimi nilikuwa Mwalimu.

Mughenyi alikuwa na kitanda cha jirani. Tulilazwa wiki moja, tukaanza sindano siku moja. Alikuwa mfugaji wa ng'ambo ya bonde letu, umri wa miaka thelathini hivi, ana mke aitwaye Salima na watoto wawili wa kike. Hakujua herufi hata moja, lakini alikaa na kitabu muda mrefu kuliko sisi sote. Mimi nilikimbilia viputo. Yeye aliangalia picha moja mpaka nikadhani amesinzia.

"Mwalimu," aliniuliza siku moja, "hawa wabeba mizigo nyuma ya Bwana Kifua, ndio sisi?"

"Ndio sisi, kaka."

"Mbona wote sura moja? Mama yao ni mmoja?"

Tulicheka mpaka tukakohoa, na Mama Eliza akaja kututuliza. Mughenyi alikuwa mtu wa namna hiyo. Salima akija na kuku na mlenda alimegea wodi nzima, na mimi mbele ya wote, kwa sababu kwetu walikuwa wanakuja mara chache na mama alikaa umbali wa hatua nne, kama alivyoshauriwa na majirani. Salima hakukaa mbali. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamkata mumewe kucha.

Kufikia mwezi wa tatu wa kulazwa kwetu, kikohozi cha Mughenyi kilikuwa kimekwisha. Alikuwa amenenepa shingo. Mimi nilikuwa bado naburuta miguu, yeye anamsaidia mfagiaji kubeba maji. Wakati huo huo habari zikafika kwamba upande wetu wote unahamishiwa kijiji kipya, barabarani, na kila mtu awe amejenga kabla ya mvua. Salima alikuja akasema wamepewa kiwanja, lakini hakuna mwanamume wa kusimamisha nguzo za tembe, na vitu vyao viko nje vimefunikwa ngozi. Alisema bila kulalamika. Mchana ule nilipofungua kitabu barazani, Mughenyi akasogea karibu yangu.

"Hebu rudi nyuma ukurasa mmoja," akasema. Akaweka kidole. "Hapa Bwana Kifua amelala pangoni, mkuki umemwingia ubavuni. Mwanamke anamnywesha dawa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hapa, picha ya pili yake, amesimama ameinua jiwe. Hapa katikati pamepita muda gani?"

Nikatazama. Kati ya picha na picha palikuwa na ufito mweupe usiozidi upana wa unyasi. Juu ya ile picha ya pili palikuwa na kisanduku cha njano chenye maneno mawili matatu ya Kiingereza. Sikuyajua. Wanaume kumi walikuwa wananitazama.

"Kesho yake," nikasema.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Tazama ndama huyu nyuma, kwenye pango. Hapa ananyonya, kichwa kitupu. Hapa ni yule yule, ana baka lile lile usoni, na ameota pembe. Ndama haoti pembe kwa siku moja, Mwalimu. Huyu ana mwaka."

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikacheka, kicheko cha mwalimu, kile cha kumkalisha mtu chini.

"Kaka Mughenyi, hiki ni kitabu, siyo zizi! Anayechora anajali ndama? Mtu amekunywa dawa, amepata nguvu, ameamka. Imeandikwa hapa: kesho yake."

Wote wakacheka. Mzee mmoja akaanza kulia sauti ya ndama. Mughenyi naye akacheka, mkono mdomoni, akanirudishia kitabu. Niliendelea kusoma, na nakumbuka nilikuwa na furaha sana mchana ule.

Siku ya tatu yake asubuhi Mama Eliza alifika na sinia, akakuta kitanda cha jirani kimetandikwa vizuri na kopo limeoshwa. Mughenyi alikuwa ameondoka bila ruhusa na bila kidonge kimoja.

Wiki mbili baadaye nikapigwa picha ya pili ya kifua. Daktari akazishika zote mbili dirishani, ya kwanza na ya pili, bega kwa bega. Kwenye ya kwanza lile wingu lilikuwepo. Kwenye ya pili lilikuwa limebaki kama moshi tu. "Tazama ulikotoka," akaniambia, naye anafurahi. Mimi nilikuwa natazama ule uwazi katikati ya picha mbili, ambamo mwanga wa dirisha ulikuwa unapita. Sindano zangu zote zilikuwa mle. Masikio yangu, homa zangu, mama kukaa hatua nne. Na bado palitakiwa kuingia mwaka wa vidonge.

Nilirudi wodini nikatoa kile kitabu. Ndama alikuwa na pembe. Nikampelekea Mama Eliza, nikamwomba anisomee kisanduku cha njano.

"Mwaka ukapita," akasema. "Kwani ulikuwa hujui?"

Utasema hapo ndipo ningetuma ujumbe. Nami nilisema hivyo. Nikajiambia nitakwenda mwenyewe nikitoka, maneno mazito hayatumwi. Nilipotoka, mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka. Kwetu hapakuwa tena kwetu. Tembe letu la zamani lilikuwa limebomolewa, na mama alinipokea kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Alinikumbatia. Halafu akanipa sahani yangu ile ile ya peke yake, na mimi nikaipokea, nikala.

Nyumba ya Mughenyi ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Nilimkuta juu ya paa la tembe lake anakandamiza udongo, jasho linamtiririka, anaimba. Alishuka akanishika mabega yote mawili.

"Mwalimu! Mbona wewe ndiye uliyebaki mwembamba?"

Salima akatuletea togwa. Mfukoni nilikuwa na vidonge vyangu vya mwezi mzima, vimefungwa kwenye karatasi. Mughenyi akaviona nilipokuwa nameza.

"Bado unameza?"

"Bado kidogo," nikasema.

Hapo tena palikuwa mahali pa kusema. Kaka, nilikudanganya, sikuwa najua kusoma yale maneno, rudi ukachukue dawa. Lakini mafundi wengine walikuwa wamekaa pale, baadhi yao wanafunzi wangu wa kisomo, na yeye mwenyewe alikuwa na afya kunizidi. Nikajiambia labda miili hutofautiana. Nikajiambia mengi. Nilimaliza togwa, nikaaga.

Kikohozi kilimrudia wakati wa palizi. Nikamwambia arudi hospitali, sasa ndiyo nikawa na haraka. Akasema amalize kwanza shamba. Tulimpeleka kwa baiskeli mwezi wa tatu, mimi nasukuma, Salima nyuma anamshikilia mgongo, na njiani tulisimama mara nyingi. Alipewa kitanda karibu na kile cha zamani. Sindano zikaanza upya, lakini safari hii mwili haukuitika. Daktari alisema dawa iliyoachwa njiani hurudi imechoka. Mimi nilikuwa nakwenda kila mwezi kuchukua vidonge, na kila mwezi nilikaa naye barazani. Mwezi wa sita nikamwambia.

"Kaka, ndama alikuwa sahihi. Imeandikwa mwaka ukapita. Mimi sikuweza kuyasoma yale maneno."

Alikuwa amekonda kama wale maadui wa vitabuni.

"Ndama nawajua," akasema. Kisha akateremsha sauti, maana wenzake walikuwa karibu. "Usiwaambie hawa. Watakucheka."

Alifariki wiki tatu baadaye, upepo wa kiangazi ukiwa mkali, na tulimzika kwenye kijiji kile alichokimbilia kujenga. Vitabu viliendelea kubaki kwenye kabati la hospitali. Sijavifungua tena. Watu wakinionyesha katuni gazetini nazisoma, nacheka panapochekesha, lakini macho yangu hayatulii ndani ya vile vyumba. Yanakwenda kwenye ule weupe wa katikati, yananiuliza muda gani.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Salima. Alikuwa anapura uwele. Nilimweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilitaka anitukane.

"Aliniambia, shemeji," akasema. "Alitaka kwenda kumuuliza daktari kama kweli mtu anapona haraka namna ile. Alikuwa ameshasimama aende. Halafu akasema, kama Mwalimu amecheka, daktari atacheka zaidi."

Akaendelea kupura. Nilishika mti mwingine nikapura naye mpaka uwele ukaisha, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimefikiri nimemponza kwa kusoma vibaya. Kusoma vibaya kungesahihishwa na daktari kwa maneno matatu. Kicheko changu ndicho kilichomfungia mlango wa daktari.

Nilimeza vidonge vyangu mpaka cha mwisho. Mama alichanganya sahani yangu na nyingine siku moja bila kutangaza, na kaka akarudisha mkeka. Nikarudi kufundisha kisomo. Muhula ule Salima alijiandikisha, akakaa benchi la nyuma na binti yake mdogo mapajani.

Mchana mmoja, nikiwa katikati ya somo la silabi, akanyoosha mkono. Wanafunzi wangu huwa hawanyooshi mikono. Ni watu wazima, wanaona haya.

"Mwalimu, siyo la somo," akasema. "Mtoto huyu anakohoa, leo wiki ya tatu. Kwa nyinyi mliosoma, huo ni muda mrefu au mfupi?"

Benchi la mbele mtu akaguna, mwingine akaanza kucheka. Nikagonga meza, sijawahi kuigonga hivyo, na darasa zima likanyamaza likinitazama. Mtoto akakohoa tena. Salima bado alikuwa ameinua mkono.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Twende tukaulize."

Nikaweka chaki chini. Zahanati ilikuwa bado haijafungwa, na mtoto nilimbeba mimi.